Kufundisha Ramani katika Skuli za Karagwe na Kyerwa

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaelezwa hapa jinsi jiografia inavyoweza kufundishwa kwa watoto wa skuli za msingi katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera. Wilaya hizo zilikuwa moja hadi mwaka 2012; kwa hiyo pale ambapo ramani ya zamani ingali ukutani, mtoto wa Murongo huonyeshwa kuwa yuko Karagwe.

Tatizo kubwa zaidi ni mto. Kagera hupita magharibi ya wilaya hizo, mpakani na Rwanda, ukielekea kaskazini. Kisha hugeukia mashariki kwenye mpaka wa Uganda na hatimaye huingia Ziwa Victoria. Ramani ya ukutani huweka kaskazini juu. Mtoto ajuaye kwamba maji huteremka huuona mto ukipanda, naye huamini kuwa kaskazini ni mlimani. Asiporekebishwa mapema, kosa hilo humfuata hadi sekondari.

Dawa yake haihitaji fedha. Ramani iteremshwe, ilazwe uwanjani, na kaskazini yake ielekezwe kaskazini ya kweli. Ili kuipata, mwalimu asimamishe kijiti wima, kisha atie alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya muda mfupi. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kinachofuata mstari wa kaskazini na kusini. Mwezi wa Juni huelekea kusini, na Disemba kaskazini, kwani wilaya hizo ziko kusini kidogo ya Ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba zoezi hili halifai, maana jua huwa utosini na kivuli karibu hupotea. Wasomaji wetu wanaochunga wakati wa adhuhuri hawatalistaajabia jambo hili. Ila huko jua hufika utosini nusu saa hivi baada ya Unguja, kwa kuwa Karagwe iko magharibi yetu kwa nyuzi zipatazo 8 za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika 4.

Ramani ikishalazwa, watoto waufuate mto kwa kidole: ziwani, Jinja, Mto Nile, hadi Bahari ya Mediterania. Maji ya Kagera, tofauti na ya Rufiji au Pangani, hayaji kwenye bahari yetu. Swali la nani hufikiwa na udongo unaomomonyoka kwenye migomba na mibuni ya vilima vyao hujibiwa papo hapo, kwa kidole kile kile.