UZI: "Nani alikata bomba?" Jinsi ya kuamua ubishi huu bila kushabikia upande

1/ Kila msimu wa siasa tunarudia mjadala huu. Barabara inachimbwa, bomba linapasuka, mtaa unabaki na mitungi mikavu. Kaunti inasema ni mkandarasi. Mkandarasi anasema hakupewa ramani. Kampuni ya maji inasema haikuarifiwa. Mashabiki wa kila upande wanapiga makofi, tunaenda nyumbani.

2/ Mimi nasoma sayansi ya siasa, si uinjinia. Lakini hapa huwezi kujua nani anakudanganya kama hujui vitu vilivyozikwa hutafutwa vipi kabla ya tingatinga kufika. Wacha nieleze pole pole.

3/ Kuna kifaa kinaitwa lokeita ya sumakuumeme. Kina sehemu mbili. Transmita inatia mkondo wa umeme kwenye bomba la chuma au waya. Mkondo huo unazalisha uga wa sumaku kuzunguka ile laini. Fundi anatembea juu na risiva, akiipitisha kushoto na kulia. Ishara ikifika kilele, laini iko chini yake. Anaweka alama ya rangi, anasonga.

4/ Mkondo unatiwa kwa njia tatu. Unaweza kuunga transmita moja kwa moja, kwa mfano kwenye valvu ya chuma. Unaweza kufunga klempu kuzunguka waya. Ama unaiweka transmita juu ya ardhi na mawimbi yapenye yenyewe. Hii ya tatu ndiyo rahisi, na ndiyo inachanganya zaidi, maana inaweza kuamsha kila chuma kilicho karibu.

5/ Nyaya za stima mara nyingi zinasikika hata bila transmita, kwa sababu gridi yetu ina masafa ya hezi 50 na risiva inayanasa. Lakini shikilia hapo. Risiva inanasa mkondo unaotembea. Waya unaweza kuwa na stima na hakuna mtu anayeitumia saa hiyo. Risiva inanyamaza, na waya bado unaua.

6/ Kuna vitu ambavyo kifaa hiki hakivioni kabisa. Bomba la plastiki halipitishi umeme. Faiba yenyewe ni kioo. Ndiyo maana wanaozika plastiki vizuri huzika pamoja nayo waya mwembamba wa shaba, ili miaka ishirini baadaye mtu aweze kuipata. Ukiruka huo waya leo, unamwachia mwenzako mtego.

7/ "Si watumie rada ya ardhini?" Inasaidia, na inaweza kuona plastiki. Ila udongo wa mfinyanzi wenye maji unameza mawimbi yake. Na sehemu kubwa ya Nairobi iko juu ya ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha. Kwa hivyo mtu akikuambia mashine moja itamaliza shida, muulize udongo ni gani.

8/ Hata kina kinachosomwa na lokeita ni makadirio. Laini mbili zikilala karibu, sumaku zao zinavutana na kipimo kinapotoka. Kwa hivyo kazi safi ina hatua nne: ramani, lokeita, rada pale inapofaa, halafu mashimo madogo ya kuchimbwa kwa mkono hadi laini ionekane kwa macho. Tingatinga linakuja mwisho.

9/ Sasa siasa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti barabara za kaunti na huduma za maji. Barabara kuu zimebaki kwa serikali ya taifa. Stima na faiba zina wenyewe wengine. Mtaro ni mmoja, wenyewe ni wengi, na kila mmoja ana kipande chake cha ramani. Hapo ndipo kurushiana lawama kunapata nafasi.

10/ Si lazima iwe hivi. Marekani, anayetaka kuchimba anapiga 811, na wenye laini wanakuja kuziwekea alama. Uholanzi ina sheria tangu 2008: kabla ya kuchimba kwa mashine lazima uombe taarifa, na wenye laini lazima wazitoe. Tofauti kubwa ni wajibu. Hapo, "sikuonyeshwa" haikuokoi kama hukuuliza.

11/ Tuwe wa haki pia. Wanaosema hili litachelewesha miradi hawadanganyi. Kupima kunachukua siku na pesa, na laini za zamani nyingine hazina rekodi yoyote. Lakini gharama haipotei ukiruka hatua. Inahamia kwa mama anayenunua maji kwa mtungi, na kwa kijana wa kibarua anayeinua sururu bila kujua kilicho chini.

12/ Kwa hivyo mjadala ukifika kwa barabara, achana na "nani alikata". Uliza haya:
– Kandarasi ilikuwa na fungu la kutafuta laini kabla ya kuchimba?
– Nani aliombwa ramani, lini, na alijibu nini?
– Mashimo ya majaribio yalichimbwa?
– Mabomba mapya ya plastiki yamewekewa waya wa kuyasaka?
– Ramani ya kilichozikwa sasa itawekwa wapi?

13/ Na si lazima ungoje mgombea ajibu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 imeweka utaratibu wa kuziomba. Andika barua kuhusu barabara ya mtaa wako. Jibu likija, ama lisipokuja, lete hapa tulijadili.

14/ Kama wewe ni fundi wa mitaro au mpimaji na kuna mahali nimekosea, nirekebishe hapo chini. Wengine, sambazeni kabla ya mvua kuanza na barabara kuchimbwa tena.