Ijara ya Wingu na Milki ya Seva

Tangu mwaka 2006, Amazon ilipoanza kukodisha nguvu za kompyuta zake kwa saa, huduma iitwayo wingu, mtafiti asiyemiliki hata seva moja ameweza kukodi mashine mia jioni na kuziacha alfajiri kazi ikiwa imekwisha, jambo ambalo zamani lilikuwa fahari ya vyuo vyenye hazina kubwa. Neema hiyo si haba. Walakini wengi wanaoisifu huhesabu ijara ya kukokotoa peke yake, wakasahau ijara ya kuhifadhi na ile ya kutoa.

Natuchukue utafiti wa jenomu, yaani maandishi kamili ya DNA ya kiumbe. Jenomu ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3, na ikisomwa kwa kurudiwa mara 30, ili makosa ya mashine yajulikane, huacha faili za gigabaiti 100 hivi. Watu elfu moja, basi, ni terabaiti 100. Kuzipandisha winguni aghalabu ni bure. Kuziweka huko katika ghala la kawaida, kwa bei ya senti 2 na ushei za dola kwa gigabaiti, ni zaidi ya dola 2,000 kila mwezi. Na kuzishusha hutozwa hadi senti 9 kwa gigabaiti, kiwango kinachopungua kadiri mzigo unavyozidi, lakini jumla yake hubaki maelfu ya dola. Yako maghala rahisi zaidi, ambamo faili hulazwa kwa muda mrefu, ila kuziamsha kuna malipo yake na pengine saa nyingi za kungoja. Sasa ruzuku ya miaka mitatu ikikoma, ni nani atakayelipa mwezi wa thelathini na saba?

Insafu yanitaka niseme kwamba seva ya kumiliki nayo ina madai yake: umeme usiokatika, chumba chenye ubaridi, diski za akiba, na juu ya yote fundi stadi, ambaye wafadhili, wepesi wa kununua mitambo, huwa wazito kumlipa mshahara. Seva inayofanya kazi siku mbili kwa mwezi ni israfu tupu. Kinyume chake, wanafizikia wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ambao mitambo yao humwaga data miezi mfululizo, wamegawana kazi hiyo miongoni mwa vituo vipatavyo 170 katika nchi zaidi ya 40, vingi vikiwa milki ya taasisi za utafiti zenyewe, kwa kuwa mashine zao hazipati nafasi ya kukaa bure.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu nyingine. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania na kwa jirani zake, na faili zilizo ng'ambo zikawa mbali zaidi kuliko ramani inavyoonyesha. Kadhalika sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zimeweka masharti juu ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi, na hakuna taarifa iliyo binafsi kuliko jenomu ya mtu.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba faili za asili na kazi ya kila siku zikae katika seva ambazo vyuo kadhaa vinazimiliki kwa shirika, na wingu likodiwe pale mlipuko wa maradhi unapodai hesabu za mwezi mzima zimalizwe kwa siku mbili. Na kila ombi la ruzuku liandike mshahara wa fundi kabla ya bei ya mtambo.