Bibi Emmeline: Mcha Mungu Aliyedai Haki

Ndugu msomaji, huenda umepata kuambiwa kwamba mwanamke mcha Mungu hadai haki, na kwamba adaiye haki ameipa dini kisogo. Hebu tuyapime maneno hayo kwa maisha ya Bibi Emmeline B. Wells wa Utah, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1828.

Bibi huyu alikuwa Mmormoni, tena mke katika ndoa ya wake wengi. Kwa sababu hiyo Wamarekani wengi walimdhania kuwa mtumwa asiye na kauli. Kumbe wanawake wa Utah walipata haki ya kupiga kura tangu mwaka 1870! Mwaka 1887 Bunge la Marekani liliwanyang'anya haki hiyo, likipiga vita ndoa za wake wengi. Bibi Emmeline, aliyehariri gazeti la akina mama, Woman's Exponent, kuanzia 1877 hadi 1914, hakuweka kalamu chini. Mwaka 1896 Utah ilipokuwa jimbo kamili, kura ilirudi.

Kanisani nako alitumika kwa moyo. Mwaka 1876 alikabidhiwa kazi ya kuwahimiza akina mama kuweka akiba ya ngano. Mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 82, alifanywa rais wa umoja wa akina mama wa kanisa lake, ulioanzishwa mwaka 1842.

Lakini sikiliza mwisho wake. Marais watatu waliomtangulia walishika wadhifa huo hadi kufa. Yeye, mwaka 1921, akiwa mgonjwa na mkongwe, aliondolewa kwa uamuzi wa viongozi wanaume. Mwezi haukutimia, akafariki, angali muumini.

Mwaka 1979 Mmormoni mwingine, Sonia Johnson, alitengwa na kanisa baada ya kupigania badiliko la Katiba juu ya usawa wa wanawake, ambalo kanisa lililipinga. Hadi leo ukuhani wa kanisa hilo ni wa wanaume tu.

Basi, mama msomaji, imani haikumzuia Bibi Emmeline kudai haki. Kilichompungukia ni nafasi penye kuamua. Je, katika umoja wa akina mama wa mahali unaposali, mnaotoa jasho ni ninyi; wanaoamua ni akina nani? Uliza kwa adabu, lakini uliza.