Vali ya Moyo Ikiharibika, Tuchague Njia Gani?

Vikundi vingi hufanya harambee mwenzao anapoambiwa anahitaji upasuaji wa moyo. Hilo ni jambo jema. Lakini je, tunajua tunachangia nini?

Damu hutoka moyoni kwenda mwilini kupitia mlango mdogo uitwao vali. Kwa kawaida una vifuniko vitatu. Mtu mmoja au wawili kati ya 100 huzaliwa na viwili tu. Wengi hawajui mpaka utu uzima, vali inapokuwa ngumu au kuanza kuvuja. Ndipo mtu huishiwa na pumzi akipanda mlima, huumwa na kifua au huzirai. Asingoje, aende hospitali apimwe moyo.

Dawa hupunguza taabu tu, haziponyi vali. Ikiharibika sana, njia ni hizi:

1. Kuirekebisha. Hufaa hasa vali inayovuja ambayo haijawa ngumu.

2. Vali ya kiwandani. Ni imara, yaweza kudumu maisha yote. Lakini damu huweza kuganda juu yake, kwa hivyo mgonjwa atameza warfarin kila siku na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni, basi mama anayetaka kuzaa amwambie daktari mapema.

3. Vali ya ng'ombe au nguruwe. Wengi hawahitaji warfarin ya maisha. Lakini huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 20, na kwa vijana haraka zaidi. Upasuaji wa pili waweza kuhitajika.

4. Njia ya Ross, iliyoanzishwa London mwaka 1967. Vali ya mgonjwa mwenyewe ya upande wa mapafu huhamishwa, na mahali pake huwekwa ya marehemu aliyetoa. Huhitaji daktari mzoefu sana.

Kwa hivyo tusichange pesa za upasuaji tu. Harambee ni ya siku moja, warfarin ni ya kila siku. Tuweke akiba ya dawa, vipimo na nauli. Anayetumia warfarin asiache sukuma wiki, ila ale kiasi kilekile kila wiki. Asinunue dawa za maumivu dukani wala asinywe miti shamba bila kumwuliza daktari.

Mjadiliane katika kikundi: mwenzetu akiwekewa vali ya kiwandani, kliniki ya kupima damu iko umbali gani, na nani atamsindikiza?