Kamina: Mkono wa baba unapoanza kutetema, kumbukumbu ya Muhammad Ali nyumbani kwake

Mjini Kamina, jimboni Haut-Lomami, kama kwingine nchini, mzee anayeanza kutetema mkono hupewa majina mengi kabla ya kupewa jina la ugonjwa. Kuna wanaosema ni uzee tu. Kuna wanaosema ni malaria iliyokaa mwilini. Wengine wanashusha sauti na kutaja ulozi, na hapo familia inaanza kutafuta nani wa kubebeshwa lawama, mara nyingi mke, au mtoto ambaye hana wa kumtetea.

Jina la Parkinson halisikiki sana katika mazungumzo hayo. Lakini mmoja wa watu wanaojulikana zaidi duniani kwa kuugua ugonjwa huo alipigana ngumi humu humu nchini, na wazee bado wanamkumbuka.

Ni Muhammad Ali. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974, kwenye uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, aliegemea kamba, akaacha George Foreman apige mpaka achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Watu walipiga kelele « Ali, boma ye ». Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi. Ile ya baba aliyerudi nyumbani na kuanza kupotea polepole mbele ya watoto wake inasimuliwa mara chache.

Zaire iliingia hata ndani ya familia yake. Veronica Porche alikuwa mmoja wa wasichana waliochaguliwa kutangaza pambano hilo, na mapenzi yake na Ali yalianzia katika safari hiyo. Walioana mwaka 1977 na kuzaa mabinti wawili, Hana na Laila. Kwa jumla Ali alilea na kutambua watoto tisa, mabinti saba na wavulana wawili, mmoja wao wa kupokewa. Hawakuwa wa mama mmoja, wala hawakukaa nyumba moja, na kazi ilimpeleka mbali siku nyingi. Kusema alikuwa baba asiye na kasoro ni kumdanganya msomaji.

Hata hivyo, Hana ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2018, juu ya maisha nyumbani na baba yake, na msingi wa kitabu hicho ni kanda za sauti. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakiishi Los Angeles, Ali alikuwa akiwasha mashine ya kurekodi na kuwanasa watoto wakicheka, wakibishana, wakiongea naye kwa simu. Alitaka wazisikie wakisha kuwa wakubwa. Baadhi ya sauti hizo zimesikika katika filamu « I Am Ali » ya mwaka 2014.

Kanda hizo zilipata thamani ambayo hakuna aliyeitarajia. Yule ambaye waandishi wa habari walimwita Mdomo wa Louisville, aliyeongea bila kupumua, alianza kupoteza sauti. Kabla hata hajaacha ngumi mnamo Desemba 1981, watu waliona maneno yake yanakokota. Mwaka 1984, akiwa na miaka 42, waganga wa New York walimwambia ana dalili za Parkinson. Aliishi nao zaidi ya miaka 30.

Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1817 na mganga Mwingereza, James Parkinson. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kitu kinachosaidia mwili kujongea bila shida. Seli hizo zinakufa moja baada ya nyingine, na hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia zisife. Mkono unatetema wakati umepumzika, mara nyingi ukianzia upande mmoja. Hatua zinakuwa fupi, viungo vinakaza, maandishi yanakuwa madogo, na sauti inashuka. Uso nao unaganda, na hapo ndipo familia nyingi zinaumia bure: wanadhani baba amekasirika au hawapendi tena, kumbe misuli ya uso ndiyo imeacha kutii.

Kama ngumi ndizo zilimletea Ali ugonjwa huo, waganga hawajakubaliana. Wapo wanaolaumu makofi ya kichwa. Wengine, katika makala iliyotoka mwaka 2022, walisema dalili zake zililingana na Parkinson ya kawaida inayompata mtu mapema. Ugonjwa hauambukizi. Kula sahani moja na mgonjwa au kulala karibu naye hakumpi mtu Parkinson.

Rasheda, binti mwingine wa Ali, alikuwa na wavulana wawili wadogo, Biaggio na Nico. Nao, kama watoto wa avenyu yoyote ya Kamina, waliuliza juu ya nkambo yao: mbona anatetema, mbona haongei kwa nguvu. Rasheda hakuwafukuza waende kucheza. Mwaka 2005 alitoa kitabu cha watoto ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni « Nitakushika mkono usianguke ». Kinachukua dalili moja moja na kuieleza kwa maneno ambayo mtoto anaweza kuyabeba. Baba yake alikuwa bado hai, na hakuficha ugonjwa: mnamo Julai 1996 huko Atlanta alikuwa amewasha moto wa Michezo ya Olimpiki, mkono ukitetema mbele ya dunia nzima.

Kwa familia ya Kamina, jina la ugonjwa ni mwanzo tu. Parkinson inatambuliwa hasa kwa mganga kumtazama mgonjwa, kumsikiliza na kumtembeza, si kwa mashine ya bei kali. Lakini waganga waliosomea ubongo na mishipa ya fahamu ni wachache nchini, na wengi wako Kinshasa. Kutoka Kamina, mtu anaweza kwenda Lubumbashi, ambako kuna kituo cha Joseph Guislain cha magonjwa ya akili na ya fahamu. Kwa treni, wanaoijua reli hiyo hawahitaji kuelezwa safari yenyewe. Simu inaweza kusaidia kidogo: video fupi ya baba akitembea, akishika kikombe, akiandika jina lake, inamwonyesha mganga mengi.

Dawa kuu, levodopa, inatumika tangu miaka ya 1960 na iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Haiponyeshi, ila inarudisha mwendo kwa miaka. Mbegu za mukuna, ule upupu unaowasha ngozi, nazo zina levodopa ndani. Lakini kipimo chake hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu, na kumpa mzee bila mganga ni hatari.

Tusidhani pia kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu. Katika wilaya ya Hai, huko Kilimanjaro nchini Tanzania, watafiti waliochunguza eneo lenye watu 161,000 hivi walikuta wagonjwa 33, kama walivyoandika mwaka 2008. Wengi wao hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia wanaugua nini.

Muhammad Ali alifariki tarehe 3 Juni 2016, katika jimbo la Arizona, akiwa na miaka 74. Wiki moja baadaye, mjini Louisville, Rasheda na dada yake mkubwa Maryum walisimama mbele ya umati kumuaga baba yao.

Tarehe 14 Agosti 2021, Nico Ali Walsh, mmoja wa wale wavulana waliokuwa wakiuliza maswali, aliingia ulingoni kwa pambano lake la kwanza la kulipwa. Alivaa kaptula nyeupe aliyopewa na nkambo yake, na akashinda katika raundi ya kwanza.