Kiswahili si kirefu, ni sisi tusiojua kukoma

MIAKA kadhaa iliyopita nilikuwa katika kikao cha bodi ya mitihani ya chuo fulani. Mwenyekiti akaniuliza swali jepesi: “Daktari, alama za darasa lako zimekamilika?” Jibu lilikuwa la maneno matano: bado wanafunzi wawili hawajapata alama.

Badala yake nilianza na itifaki. Nikashukuru kwa fursa adhimu niliyopewa. Nikaeleza jinsi mgomo ulivyotuchelewesha, nikaingilia uhaba wa wasahihishaji, kisha nikarudi tena kwa mgomo. Wale wawili niliwataja mwishoni, katikati ya sentensi kuhusu upungufu wa karatasi. “Asante Daktari, tusonge mbele,” akasema mwenyekiti. Katibu hakuandika kitu. Orodha ya mahafali ilipotoka, majina yao hayakuwemo, na mama wa mmoja wao alikuwa keshashona nguo ya sherehe. Walingoja mwaka mzima.

Nilijitetea kwamba niliwataja. Ni kweli niliwataja.

Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika makala yake ya 1975, alisema kuwa mazungumzo huendeshwa kwa ushirikiano, na mojawapo ya kaida zake ni ile ya kiasi: toa habari inayotosha, wala usizidishe. Aghalabu tunaposoma kaida hii hukimbilia sehemu ya pili, ati msemaji asipayuke. Lakini mimi siku ile nilizikiuka zote mbili kwa mpigo. Nilizidisha maneno, na bado habari haikutosha.

Wapo wanaokilaumu Kiswahili. Ati ni lugha ya hadithi na soga, Kiingereza ndicho cha kazi. Jamani! Tazama kitenzi “hawajatuletea”. Ndani ya neno hili moja mna ukanushi, watenda, wakati, watendewa, mzizi wa kitenzi na kauli ya kutendea. Mwingereza atahitaji maneno matano au sita kusema hayo. Sarufi yetu imebana mambo kweli kweli, kisha sisi tunaifungulia mabwawa: “kama nilivyotangulia kusema hapo awali”, “kwa maoni yangu mimi binafsi”, “lakini hata hivyo”. Aliyetangulia kusema alisema lini kama si awali? Na yule anayetangaza kwamba itifaki imezingatiwa, mbona huanza tena kuwataja wakubwa mmoja mmoja?

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Kumwingilia mhasibu asubuhi na kudai vocha bila hata “habari ya kuamka” si ufupi, ni utovu wa adabu. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alikwisha kueleza mwaka wa 1923 kwamba kuna maneno ambayo kazi yake si kupasha habari bali kuwaunganisha watu. Salamu ni maneno ya aina hiyo. Ofisini hazichukui hata dakika moja, na hakuna jambo linalopotelea humo.

Mambo hupotelea kwingine. Nikijichunguza, sikurefusha maneno siku ile kwa kupenda kusikika. Niliona haya. Zile alama mbili nilikuwa nimezembea kuzifuatilia, na kila sentensi niliyoongeza ilikuwa blanketi la kufunikia uzembe huo. Sikiliza ripoti ya mradi uliokwama au ya hesabu zisizolingana. Utaona jinsi utangulizi unavyorefuka kadiri habari inavyokuwa mbaya. Karani mdogo hufanya hivyo kwa kuogopa kufokewa, naye mkubwa huogopa aibu.

Siku hizi kabla ya kikao huandika sentensi moja kwenye karatasi, na hiyo ndiyo ninayoanza nayo. Sababu hungoja kuulizwa. Muhula uliopita mwenyekiti mwingine aliniuliza swali lile lile. Nikajibu, “Hapana. Amebaki mmoja, na kosa ni langu.” Akanitazama, akidhani nitaendelea. Nikanyamaza. Katibu akaandika.