Moto wa Shambani: Pima Kwanza, Ndipo Utie Sahihi

Ndugu mkulima, siku hizi katika skimu zetu wauzaji wa moto ni wengi. Mmoja huja na bamba la sola, wa pili na mfuko wa bayogesi, wa tatu na karatasi ya mkopo, na wote wana maneno matamu. Kazi yangu ofisini ni kupanga karatasi za kilimo, na miongoni mwake zimo habari za watafiti juu ya mambo haya. Nimeona yafaa nikueleze kwa ufupi wanayoyasema, ili usije ukatia sahihi leo ukajuta msimu ujao.

Zamani watafiti waliulizana: mtambo gani ni bora? Sasa swali lao limegeuka. Huuliza: fundi akisha kwenda zake, nani atautunza, na kwa mali gani? Lishike swali hilo tunapoendelea.

MAJI YA KIRINYAGA

Tuanze na mfano wa hapa kwetu. Mwaka 2001 mitambo miwili midogo sana ya maji ilijengwa Kathamba na Thima, katika Kirinyaga, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent cha Uingereza. Mtambo wa Kathamba ulitoa wati 1,100 tu. Birika nyingi za umeme zahitaji nguvu kupita hiyo! Hata hivyo ulikusudiwa kuwasha taa katika nyumba 65. Iliwezekanaje? Kila nyumba ilipewa fungu dogo, la taa zisizokula umeme mwingi na redio. Pasi na majiko havikuruhusiwa.

Thima palitolewa wati 2,200 kwa nyumba 110 hivi. Hapo walichukua pampu ya kawaida ya maji wakaifanyisha kazi kinyume: badala ya pampu kusukuma maji, maji yakaizungusha pampu. Na mota ya kawaida ya umeme ikafanywa kuwa kitoa umeme. Sababu ni kwamba pampu na mota huuzwa madukani mijini, na mafundi wetu wanazijua. Chombo kikiharibika, hakuna haja ya kungoja meli kutoka Ulaya. Hapo ndipo penye somo.

SAMADI NA GESI YAKE

Lakini taa si chungu. Wengi wenu waya wa umeme umekwisha fika nyumbani, na bado mnapika kwa kuni. Mama wa nyumba huvuta moshi kila siku, nao moshi huo hudhuru macho na mapafu. Kwa mwenye ng'ombe, bayogesi yaweza kuondoa taabu hiyo.

Kazi yake ni hii. Samadi mbichi huchanganywa na maji, kiasi sawa kwa sawa, ikatiwa katika tangi lisiloingiza hewa. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huila na kutoa gesi iwakayo. Gesi hupita katika mpira mpaka jikoni. Tope linalobaki hutoka upande wa pili, nalo ni mbolea nzuri, kwa kuwa naitrojeni haiendi na gesi. Litie kwenye nepia au viazi na kulifunika kwa udongo. Likiachwa juani, nguvu yake hupotea hewani.

Katika miaka ya 1980 matangi mengi yalijengwa Meru na kwingineko, yenye pipa la chuma lililopinduliwa juu ya tope. Chuma kilikula fedha nyingi, kisha kutu ikala chuma. Watafiti waliokwenda kukagua baadaye walikuta mengi yamelala: hapa bomba limeziba, pale ng'ombe wameuzwa, kwingine hakuna fundi wa karibu. Kwa hiyo mpango wa taifa ulioanza mwaka 2009 ulifundisha waashi wa vijijini kujenga kuba la mawe au matofali na saruji chini ya ardhi, lisilo na chuma cha kuoza. Sasa umekuja pia mfuko mrefu wa plastiki nene unaolazwa katika handaki. Hauchukui siku nyingi kuuweka, lakini ni lazima uzungushiwe ua, maana kwato la ndama laweza kuutoboa.

HESABU YA NG'OMBE WAWILI

Chukua kalamu. Ng'ombe wa gredi anayelishwa zizini, mhesabie kilo 10 za samadi kwa siku ili usijidanganye. Wawili ni kilo 20. Kilo moja hutoa lita 35 hadi 40 za gesi, basi utapata lita 700 hadi 800. Jiko moja hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Jibu ni saa mbili za moto kwa siku.

Saa mbili zatosha chai ya asubuhi, na ugali na mboga jioni. Githeri hazitoshi, ila maharagwe na mahindi yakilowekwa usiku kucha. Na wewe wa Kinangop au Molo, ujue vijidudu hivyo hupenda joto. Mwezi wa Julai gesi yako itapungua. Usitupe jiko la kuni.

Ng'ombe wanaochunga malishoni mchana kutwa huacha samadi huko. Mwenye hao ahesabu ya usiku peke yake.

ULIZA HAYA KABLA YA SAHIHI

1. Maji lita 20 za kila siku yatatoka wapi wakati wa kiangazi, na nani atayabeba? Mkojo wa ng'ombe waweza kusaidia, lakini kama mama ndiye atakayetembea mbali zaidi, umemwondolea kuni ukamtwika mtungi.

2. Fundi wa kutengeneza anakaa wapi? Nenda ukamwone. Uliza pia dhamana ni ya muda gani, na uipate kwa maandishi.

3. Bei yote ni kiasi gani? Siku hizi watu hulipa kidogo kidogo kwa simu. Njia hiyo ni nzuri, lakini zidisha malipo ya siku kwa siku zote. Usitazame shilingi za leo tu.

4. Ukiuza ng'ombe kulipa karo, mkopo utalipwa na nini?

Kwa sola ni vivyo hivyo. Bei ya mabamba imeshuka sana tangu mwaka 2010, na kwa taa na simu yafaa kabisa. Lakini bamba dogo halipiki ugali, na betri huchakaa kabla ya bamba. Weka akiba ya betri tangu mwanzo.

Neno la hatari. Usiingie ndani ya tangi la bayogesi hata likiwa tupu, maana hewa yake yaweza kuua mara moja. Ukisikia harufu, tafuta tundu kwa povu la sabuni, kamwe usitumie kiberiti.

Juma hili pima samadi ya zizi lako kwa ndoo, asubuhi na jioni, siku saba mfululizo, na uandike. Kisha peleka karatasi hiyo kwa Afisa wa Kilimo wa wadi yako kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote. Mali bila daftari hupotea bila habari.